Namna ya kupima kama modeli ya ardhi iliyorahisishwa bado inapitisha maji panapostahili

Swali hili haliishi kuulizwa: "Nimeipunguza modeli yangu ya mwinuko iwe nyepesi, nimelinganisha miinuko, RMSE (kipimo cha wastani wa kosa la mwinuko) imetoka ndogo. Mbona mto umehamia bonde la jirani?"

Ni kwa sababu RMSE inahesabu seli zote (vijiraba vyenye mwinuko vinavyounda modeli) sawasawa, na maji hayafanyi hivyo. Njia ya maji huamuliwa na seli chache sana: sakafu ya mkondo, korongo jembamba mto unapopenya, kipito cha chini kati ya vilima viwili. Haribu seli ishirini za namna hiyo, uache milioni nzima zilizobaki zikiwa sahihi, na wastani wa kosa hautatikisika hata kidogo. Mto ndio utakaopotea.

Tazama kinachotokea. Kuna korongo la upana wa seli moja linalokata safu ya kilima. Bondeni, kabla ya kilima, seli tatu za mstari mmoja zinasomeka 608, 603, 608, na mistari miwili inayofuata ni hivyohivyo. Kwenye korongo zinasomeka 615, 602, 615. Maji yanatoka 603 yanashuka hadi 602, yanapita. Sasa unganisha seli tatu kwa tatu kwa wastani. Seli mpya ya bondeni inakuwa 606.33, na ya kwenye korongo inakuwa 610.67. Umejenga bwawa la zaidi ya mita nne mahali ambapo mto ulikuwa unapita bila kizuizi. Programu itakapochakata mtiririko itayapandisha maji nyuma ya bwawa hilo hadi yapate upenyo mwingine, na upenyo huo unaweza kuwa upande wa pili wa kilima kabisa.

Mwongozo huu ni wa kukagua mambo hayo. Unafaa kwa modeli iliyopunguzwa kwa kukuza seli, na pia kwa iliyogeuzwa kuwa mtandao wa pembetatu, yaani ardhi ikichorwa kwa pembetatu zilizoungana badala ya seli. Nitaiita ya asili "modeli rejea" na iliyorahisishwa "modeli nyepesi".

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Modeli rejea yenye ubora unaouamini. Data za mwinuko za SRTM, iliyopimwa Februari 2000, na Copernicus GLO-30 zote mbili zinaonyesha uso wa juu, yaani miti na majengo yamo ndani. Kama eneo lako lina msitu mnene kando ya mto, lijue hilo mapema.
- Modeli nyepesi iliyotokana na rejea hiyohiyo. Usilinganishe SRTM ya mita 90 na Copernicus ya mita 30 ukadhani unapima athari ya kurahisisha. Hapo unalinganisha vyombo viwili vilivyopima ardhi kwa nyakati mbili.
- QGIS, GRASS na GDAL. Zote ni programu huria za ramani, na QGIS mara nyingi huja na hizo nyingine mbili.
- Mlango wa bonde: sehemu moja au zaidi kwenye mto ambapo unataka kujua maji yote yanayofika hapo yanatoka wapi. Chagua angalau milango mitatu, mmoja kwenye mto mkubwa na mingine kwenye vijito. Mto mkubwa hustahimili mengi. Vijito ndivyo vinavyoanza kulia.

Hatua

1. Weka modeli rejea kwenye mfumo wa mita.

Rasta nyingi (faili za ramani zilizoundwa kwa seli) hupakuliwa zikiwa kwenye nyuzi za latitudo na longitudo. Zikibaki hivyo, seli hazina pande sawa ardhini na mteremko unakokotolewa kimakosa. Zigeuze kwa mfumo wa mita unaofaa eneo lako:

`gdalwarp -t_srs EPSG:NAMBA -tr 30 30 -tap -r bilinear asili.tif rejea.tif`

Badala ya NAMBA weka namba ya EPSG inayotambulisha mfumo wako. Usitumie njia ya jirani wa karibu, `near`, kwenye hatua hii. Inaacha michirizi ya ngazi ambayo baadaye itageuka kuwa mito iliyonyooka kama rula. Kata eneo kubwa kuliko bonde lako kwa kilomita kadhaa kila upande, kwa sababu modeli nyepesi inaweza kuusukuma mpaka wa bonde nje, na ukiwa umekata karibu mno hutaliona hilo.

2. Tengeneza modeli nyepesi zaidi ya moja.

Modeli moja haikuambii kitu. Unataka kuona ubora unavyoshuka kadiri unavyopunguza, na njia ipi inashuka polepole.

`gdalwarp -tr 90 90 -tap -r average rejea.tif wastani90.tif`
`gdalwarp -tr 90 90 -tap -r min rejea.tif chini90.tif`
`gdalwarp -tr 180 180 -tap -r average rejea.tif wastani180.tif`

Neno `-tap` lisisahaulike. Linazipanga seli kubwa ziingie kamili juu ya seli ndogo. Bila hilo, sehemu ya tofauti utakayoipima itakuwa ni seli kuteleza tu.

Wengi wakiona mfano wa korongo hapo juu hukimbilia njia ya kuchukua mwinuko wa chini, `min`. Ni kweli, 603 na 602 zingebaki na mto ungepita. Lakini njia hiyo inatoboa upande wa pili: kingo nyembamba inayotenganisha mabonde mawili nayo inakatwa, na maji yanavuka. Ijaribu, usiiamini kabla ya kuipima.

Kwa mtandao wa pembetatu, tengeneza mtandao kwa programu unayotumia kisha uugeuze kuwa rasta yenye seli za ukubwa uleule na mpangilio uleule wa rejea. Kama programu inakuruhusu kulazimisha mistari ya mito iwe kingo za pembetatu, tengeneza toleo lenye mistari hiyo na lisilo nayo. Tofauti kati ya hayo mawili huwa kubwa.

3. Pima mashimo kwanza.

Shimo ni sehemu iliyozungukwa na ardhi ya juu pande zote, maji yakiingia hayatoki. Hii ni kazi ya dakika chache na ndiyo dalili ya mapema kuliko zote. Jaza mashimo ya kila modeli kwa zana ileile (ya Wang na Liu iliyomo kwenye SAGA, programu nyingine huria, inafaa), kisha toa modeli isiyojazwa kutoka kwa iliyojazwa. Jumlisha tofauti na zidisha kwa eneo la seli. Unapata ujazo wa maji yaliyokwama, kwa mita za ujazo.

Linganisha na rejea. Ujazo ukiongezeka sana kwenye modeli nyepesi, una mabwawa ya uongo. Fungua tabaka la tofauti uone yako wapi. Mara nyingi yamepangana kwenye makorongo, moja baada ya jingine kando ya mto uleule.

4. Chagua kizingiti cha mkondo kwa eneo, si kwa idadi ya seli.

Kosa la kwanza kwa wanaoanza liko hapa. Programu nyingi zinauliza: mkondo uanze baada ya seli ngapi kuchangia maji? Ukiweka 1000 kote, kwenye seli za mita 30 umesema kilomita za mraba 0.9, na kwenye seli za mita 90 umesema 8.1. Bila shaka vijito vitatoweka, na havikutowekeshwa na kurahisisha.

Amua eneo, kisha ligawanye. Kwa kilomita 1 ya mraba:

- seli za mita 10: 10,000
- seli za mita 30: 1,111
- seli za mita 90: 123
- seli za mita 180: 31

Ukifika kwenye seli 31 uko ukingoni. Mkondo unaoanza baada ya seli chache hivyo unayumba kwa sababu ndogo sana, kwa hiyo ukiwa na modeli ya seli kubwa hivyo pandisha kizingiti kwa modeli zote kwa pamoja.

5. Toa mito na mielekeo ya mtiririko.

Ndani ya GRASS, ukishaziingiza rasta zako humo:

`g.region raster=rejea`
`r.stream.extract elevation=rejea threshold=1111 stream_vector=mito_rejea direction=mw_rejea`

`g.region raster=wastani90`
`r.stream.extract elevation=wastani90 threshold=123 stream_vector=mito_90 direction=mw_90`

Mstari wa `g.region` hauna hiari. GRASS hufanya kazi kwa eneo na ukubwa wa seli uliowekwa wakati huo, haijali rasta yenyewe ina seli za ukubwa gani. Ukiuruka, modeli ya mita 90 itachakatwa kwa seli za mita 30, kila seli ikikatwa vipande tisa vyenye mwinuko mmoja, na matokeo yake ni uwanja wa ngazi tambarare. Hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea.

Modeli zote zipite kwenye zana ileile yenye mipangilio ileile. Zana hii haihitaji mashimo yajazwe kwanza, kwa hiyo ipe modeli ghafi, si ile uliyoijaza kwenye hatua ya 3.

6. Sogeza mlango wa bonde ukae juu ya mto, kwa kila modeli.

Mlango uliouweka juu ya mto wa rejea unaweza kuwa mita 60 kando ya mto wa modeli nyepesi. Ukiutumia hivyohivyo, utapata bonde la seli tatu na utadhani modeli imeharibika kabisa. Kwa kila modeli, sogeza nukta hadi kwenye mto ulio karibu zaidi, ndani ya umbali usiozidi seli mbili au tatu kubwa. Kisha angalia kwa macho kwamba ni mto uleule, si kijito kinachoingia pembeni. Hasa usiweke mlango karibu na makutano ya mito miwili. Sogea juu au chini kidogo.

Halafu:

`r.water.outlet input=mw_90 output=bonde_90 coordinates=X,Y`

7. Linganisha mabonde kwa mwingiliano, si kwa ukubwa.

Badili mabonde yote mawili kuwa poligoni, tafuta eneo wanaloshirikiana, kisha ligawe kwa eneo la muungano wao.

Kwa nini isitoshe kulinganisha ukubwa? Chukua bonde la rejea la kilomita za mraba 84, na bonde la modeli nyepesi nalo 84. Tofauti ni sifuri, unafurahi. Lakini ukiyaweka moja juu ya jingine, yanashirikiana 70 tu. Muungano ni 84 + 84 − 70 = 98, na 70 kwa 98 ni 0.71. Modeli imepoteza kilomita 14 za mraba upande mmoja na kuchukua 14 ambazo si zake upande mwingine. Anayetaka kujua maji ya shamba fulani au barabara fulani yanaelekea wapi, hiyo ni hasara kubwa, na ukubwa wa bonde uliificha yote.

Andika namba zote tatu: uwiano wa mwingiliano, eneo lililopotea, eneo lililoongezeka.

8. Linganisha mito kwa umbali, kwa pande zote mbili.

Weka nukta kila mita 30 kwenye mistari ya mto wa rejea. Kwa kila nukta, pima umbali hadi mto wa karibu wa modeli nyepesi. GRASS ina `v.to.points` na `v.distance`, QGIS nayo ina zana za kazi hiyohiyo. Kisha geuza: nukta kwenye mto wa modeli nyepesi, umbali hadi mto wa rejea.

Pande mbili zinajibu maswali tofauti. Kutoka rejea kwenda nyepesi unaona mito iliyopotea. Kutoka nyepesi kwenda rejea unaona mito iliyozuliwa. Ukipima upande mmoja tu, modeli inayochora vijito kila mahali itapata alama nzuri ajabu, kwa sababu popote ulipo kuna kijito karibu.

Kwa kila upande andika: umbali wa kati (nusu ya nukta ziko chini yake), umbali ambao asilimia 95 ya nukta ziko chini yake, na asilimia ya nukta zilizo ndani ya upana wa seli moja kubwa. Wastani wa kawaida uache. Tawi moja lililohama kilomita mbili linauvuruga wote.

9. Fuatilia matone.

Kwangu hiki ndicho kipimo kinachosema ukweli zaidi, na ndicho watu wanachokiruka. Tupa nukta mia tano kwa nasibu ndani ya bonde la rejea. Kwa kila nukta, fuata mwelekeo wa mtiririko hadi mwisho, kwanza kwenye rejea kisha kwenye modeli nyepesi. `r.path` inafanya hivyo ikipewa rasta ya mielekeo. Uliza mambo mawili: tone limefikia mlango uleule? Na njia yake imekuwa ndefu au fupi kwa kiasi gani?

Tarajia njia za modeli nyepesi ziwe fupi. Seli kubwa hukata mizunguko ya mto, kwa hiyo mto unaopindapinda hunyooka. Ufupi wa kiasi hicho hauondoi tone kwenye mto wake, lakini kama unataka kukokotoa muda wa mafuriko kufika chini, lazima uujue, maana maji yako yatawahi.

Usilinganishe mielekeo ya seli kwa seli kati ya modeli za ukubwa tofauti wa seli. Seli ya mita 90 ina mwelekeo mmoja pale ambapo rejea ina tisa. Hakuna jibu sahihi hapo. Kulinganisha hivyo kunafaa kwa mtandao wa pembetatu tu, uliogeuzwa kuwa rasta ya seli sawa. Hata huko kumbuka kwamba mwelekeo ni duara: nyuzi 350 na nyuzi 10 zinatofautiana kwa 20, si 340.

10. Tafuta kiwango cha chini cha tofauti kinachostahili kuzungumziwa.

Modeli rejea nayo ina makosa. Kabla ya kusema mwingiliano wa 0.93 ni mbaya, jiulize rejea ingepata ngapi dhidi ya nafsi yake ikitikiswa kidogo.

Tengeneza rasta ya namba za nasibu kwa `r.surf.gauss`, ilainishe kwa `r.neighbors` kwa sababu makosa ya kweli ya mwinuko huenda kwa makundi, halafu ikuze tena ifikie ukubwa wa kosa la data yako, maana kulainisha huipunguza nguvu. Kwa Copernicus, kosa la mwinuko kati ya sehemu zilizo karibu limetajwa kuwa chini ya mita 2 kwa asilimia 90 kwenye mteremko usiozidi asilimia 20. Hilo ni sawa na mkengeuko sanifu (standard deviation) wa takriban mita 1.2. Tumia kosa hili la karibu kwa karibu badala ya lile la jumla, maana maji yanajali tofauti ya mwinuko kati ya jirani na jirani. Jumlisha rasta hiyo na rejea, rudia hatua ya 5 hadi 9. Fanya mara kumi au zaidi kwa namba mpya kila mara.

Ikiwa rejea iliyotikiswa inapata mwingiliano wa 0.94 dhidi ya rejea safi, na modeli nyepesi inapata 0.93, basi kurahisisha hakujaharibu kitu ambacho data yenyewe ilikuwa inakijua. Ikipata 0.71, una tatizo la kweli.

11. Chora ramani ya tofauti.

Namba bila ramani zinadanganya. Weka eneo lililopotea kwa rangi moja, lililoongezeka kwa nyingine, na nukta za mto zilizo mbali kuliko seli mbili. Angalia zimekusanyika wapi. Zikiwa zimetawanyika kama uzi mwembamba kando ya mpaka wote wa bonde, hilo ni la kawaida. Zikiwa donge moja kubwa, kuna kipito au korongo moja lililoziba au kukatwa, na mara nyingi kurekebisha seli hizo chache tu kwenye modeli nyepesi, kwa kushusha sakafu ya mkondo hadi mwinuko wa rejea, kunarudisha bonde lote.

Ukikwama

*Mito inachorwa sambamba, imenyooka, kwenye tambarare.* Ardhi ni bapa kuliko usahihi wa data, na programu inajichagulia njia. Usihesabu eneo hilo kwenye vipimo vya umbali. Litenge na uripoti kando. Pia kagua kama rasta imehifadhiwa kwa namba kamili zisizo na desimali, maana hapo ardhi ya mteremko mdogo hugeuka ngazi.

*Bonde la modeli nyepesi limetoka dogo mno.* Mlango haujakaa juu ya mto. Rudi hatua ya 6.

*Bonde linaishia kwenye mstari ulionyooka.* Limegusa ukingo wa rasta. Pakua eneo kubwa zaidi.

*Mielekeo ya programu mbili haifanani hata kwa modeli ileile.* Huenda ni namba tu. GRASS huhesabu 1 hadi 8 kinyume cha mwendo wa saa, 8 ikiwa mashariki, na hutumia namba hasi pale maji yanapotoka nje ya eneo. Programu nyingine hutumia 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128 kwa mwendo wa saa, 1 ikiwa mashariki. Zigeuze zote kuwa nyuzi kwanza.

*Mtandao wa pembetatu una sehemu bapa kwenye mabonde.* Pembetatu ambayo nukta zake zote tatu zina mwinuko mmoja haina mteremko. Hutokea sana mtandao ukitengenezwa kutokana na mistari ya kontua. Ongeza nukta za sakafu ya mto, au lazimisha mstari wa mto.

*Mto unasimama barabarani na kuzunguka.* Rejea imelichukua daraja au tuta kama ukuta. Hilo ni kosa la rejea, na kurahisisha kunaweza hata kulificha, hivyo modeli nyepesi ikaonekana mbaya ilhali ndiyo iko sahihi. Kata tuta kwenye rejea mahali penye daraja, kisha anza upya kuanzia hatua ya 2.